Wapiga besi wazoefu wangeanzaje upya? Maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya hujirudia kila anapokutana mtu anayeanza besi, yaani gitaa la sauti nene, na mtu aliyeipiga miaka mingi. Majibu yametokana na majuto: yangu, na ya wapiga besi niliokaa nao mazoezini na nyuma ya jukwaa. Huhitaji kusoma kwa mpangilio. Ruka hadi linalokuhusu, na pale jambo lilipokwisha elezwa kwingine utaelekezwa namba ya swali.

## Kabla hujanunua chochote

1. Ni jambo gani hujutiwa kuliko yote?

Kuchelewa kupiga na watu wengine. Nimewasikia wengi wakilitaja hili kwanza, na mimi ni mmoja wao. Nilijifungia chumbani miaka mitatu nikijiambia bado sijaiva. Siku nilipoingia kwenye mazoezi ya kwanza ya bendi, skeli (ngazi za noti) zote nilizozikimbiza kwa kasi hazikuniambia niingie lini, ninyamaze lini, wala nifanye nini mpiga dramu akianza kuongeza mwendo. Mambo hayo hujifunzwa mbele ya watu tu. Besi imekaa katikati: upande mmoja imeshikana na dramu, upande wa pili imeshikana na kodi, yaani noti kadhaa zinazopigwa pamoja, za gitaa na kinanda. Ukiipiga peke yako unajifunza nusu yake.

Majuto yanayofuatia ni kutojali urefu wa noti (swali la 13) na kuacha sikio lilale (swali la 19). Vifaa hutajwa mwisho, kama vikitajwa.

2. Nianze na gitaa la kawaida kwanza, kisha nihamie besi?

Hapana, kama unachokipenda ni besi. Kweli, nyuzi nne za besi, E, A, D na G, zina majina yaleyale ya nyuzi nne nene za gitaa, oktava moja chini, yaani noti zilezile kwa sauti nene zaidi. Ufanano huo ndio unaodanganya watu. Mpiga gitaa anayeshika besi kwa mara ya kwanza huwa na vidole tayari, lakini huwaza kama mpiga gitaa: anajaza kila nafasi.

Hata hivyo, kama tayari unapiga gitaa usijione umepotea njia. Paul McCartney wa bendi ya Beatles alikuwa mpiga gitaa kabla ya kushika besi mwaka 1961, na Carol Kaye alikuwa mpiga gitaa wa studio hadi siku moja mwaka 1963 mpiga besi alipokosa kufika kazini. Wote wawili walijifunza kazi mpya. Hawakuhamishia tu vidole vyao kwenye chombo kingine.

3. Nyuzi nne au tano? Na kama mikono yangu ni midogo?

Nne. Uzi wa tano, yaani B ya chini, ni mzuri ukiwa na muziki unaoudai, lakini kwa anayeanza ni uzi mmoja zaidi wa kunyamazisha (swali la 10).

Kuhusu mikono: besi ya kawaida ina urefu wa inchi 34 za uzi unaotetemeka, kama sentimita 86. Zipo fupi za inchi 30, na si za watoto wala si duni. Kama unajinyoosha hadi unaumia, chukua fupi bila aibu. Watu wazima wengi wamepoteza mwaka mzima wakipigana na chombo kisichowatosha kwa sababu mtu aliwaambia ile ndefu ndiyo besi halisi.

## Gitaa na sauti yake

4. Je, gitaa la besi la bei ndogo litanirudisha nyuma?

Gitaa la bei ndogo lililorekebishwa vizuri halikurudishi nyuma. La bei kubwa lisilorekebishwa linakurudisha. Tofauti hii ningeambiwa mapema ningeokoa vidole vyangu, maana gitaa langu la kwanza lilikuwa na nyuzi zilizoinuka juu kama kamba za kuanikia nguo, nami nikadhani udhaifu ni wangu.

Angalia mambo matatu. Kwanza, kimo cha nyuzi: pima nafasi kati ya freti ya 12 (freti ni vyuma vyembamba vinavyokata shingo) na chini ya uzi. Wengi huridhika na milimita 2 hadi 2.5. Ukikuta 4, huo si uzoefu unaohitaji kuuvumilia. Pili, shingo: bonyeza uzi wa E kwenye freti ya kwanza na pale shingo inapoungana na mwili, kisha tazama katikati. Panapaswa kuwa na upenyo mdogo sana, unene wa kadi nyembamba. Upenyo mkubwa au kutokuwepo kabisa kunarekebishwa kwa chuma kilichopita ndani ya shingo, ambacho huzungushwa robo mzunguko tu kwa mara moja. Tatu, ukweli wa sauti: piga sauti ya kengele kwa kugusa uzi kidogo tu juu ya freti ya 12, kisha bonyeza freti hiyohiyo upige tena. Sauti mbili zilingane. Ile ya kubonyeza ikiwa juu zaidi, kitako cha uzi kule kwenye daraja kirudishwe nyuma kidogo.

Kama huna ujasiri wa kufanya haya, mpe fundi. Fedha inayoenda kwa fundi mara moja ina faida kuliko ile inayoenda kwenye gitaa la pili. Karibu kila mzoefu ninayemfahamu amewahi kuuza gitaa ambalo shida yake ilikuwa nyuzi kukaa juu tu.

5. Nyuzi nibadilishe mara ngapi?

Inategemea sauti unayoitaka. Nyuzi mpya za kukwaruza hung'aa, na mng'ao huo hufifia baada ya wiki kadhaa za kupigwa. Nyuzi laini bapa hukaa miaka. James Jamerson, mpiga besi wa rekodi nyingi za kampuni ya muziki ya Motown, alitumia nyuzi bapa na alikuwa hazibadilishi mpaka zikatike. Futa nyuzi zako kwa kitambaa kikavu kila unapomaliza, na usipoteze usingizi kwa hili.

6. Ninahitaji amplifaya ya namna gani? Naweza kutumia ya gitaa la kawaida?

Kwa sauti ya chini chumbani, amplifaya ya gitaa haitakufa. Ukiipandisha, spika yake inaweza kuharibika kwa sababu haikuundwa kusukuma hewa kiasi hicho. Uzi wa E ukiachwa wazi hutetemeka karibu mara 41 kwa sekunde, chini sana ya uwezo wa spika hizo.

Kwa mwaka wa kwanza, hedifoni na kifaa kidogo cha kuunganisha vinatosha, na vina faida moja kubwa: unasikia uchafu wote wa mikono yako. Lakini usiishie kwenye hedifoni. Besi ina uzito unaopita hewani na kurudi kifuani, na mkono hujifunza kuupima kwa kuusikia ukitoka kwenye spika.

7. Kwa nini sauti yangu ni nzuri nyumbani lakini inapotea kwenye bendi?

Kwa sababu umeondoa sauti za kati. Nyumbani, ukiwa peke yako, kuongeza sauti za chini na za juu huku ukipunguza za kati hupendeza sana. Kwenye bendi, sauti ya chini inagongana na dramu ya mguu, sauti ya juu inafunikwa na sahani za dramu na gitaa, na pale katikati ambapo sikio lingekutambua, umejifuta mwenyewe. Rudisha za kati. Peke yako itasikika kama inatoka puani kidogo. Iache hivyo.

Jambo la pili ni chumba. Wimbi la E ya chini lina urefu wa zaidi ya mita 8, kwa hiyo kwenye chumba kidogo kuna mahali noti fulani inavuma na mahali inatoweka kabisa. Kabla ya kugusa vitufe, tembea hatua tatu usikilize tena. Nimewahi kupoteza mazoezi mazima nikizungusha vitufe wakati tatizo lilikuwa kona niliyosimama.

## Mikono

8. Ni lazima kila kidole kiwe na freti yake?

Si lazima, na ushauri huu umewaumiza wengi. Kwenye besi ya inchi 34, nafasi ya freti ya kwanza peke yake ina upana wa karibu sentimita 4.8. Kutoka kwenye chuma cha freti ya kwanza hadi cha nne ni kama sentimita 13. Kunyoosha vidole vinne hapo kwa saa nzima ni kuomba maumivu. Kule freti ya 12, ambako nafasi ni nusu, kila kidole na freti yake ni sawa kabisa.

Chini huko, tumia mtindo wa wapiga besi kubwa ya kusimama: kidole cha shahada, cha kati, na kidogo kikisaidiwa na cha pete, kwa freti tatu tu. Ukihitaji ya nne, sogeza mkono wote. Samaki mkunje angali mbichi: mkono uliozoea kusogea tangu mwanzo hautakuja kubanwa mahali pamoja, lakini uliozoea kujinyoosha huchukua miezi kuukunja upya.

9. Mkono unauma. Niendelee mpaka uzoee?

Ngozi ya vidole ikiuma wiki za kwanza, itazoea. Kiganja, kifundo au kigasha kikiuma, acha papo hapo. Hizo ni kano na mishipa ya fahamu, na hazipati sugu kama ngozi. Ganzi au maumivu yanayobaki hadi kesho yake yapeleke kwa daktari, si kwa mpiga besi mwenzako.

Vyanzo vya kawaida ni vitatu. Unabonyeza mno: jaribu kupunguza nguvu hadi noti ianze kulia vibaya, kisha ongeza kidogo tu. Mkanda umening'inia hadi magotini, kwa hiyo kifundo kimekunjwa: urekebishe ili gitaa likae pale pale uwe umeketi au umesimama. Tatu, unapiga nyuzi kwa nguvu kwa sababu amplifaya iko chini. Pandisha amplifaya, legeza mkono.

10. Kwa nini upigaji wangu una kelele za nyuzi nyingine?

Kwa sababu umejifunza kupiga nyuzi, na hakuna aliyekufundisha kuzinyamazisha. Nyuzi za besi ni nene na hutetemeka zenyewe uzi wa jirani ukipigwa.

Mkono unaopiga: kidole gumba kilale juu ya nyuzi nene usizozitumia na kishuke nazo unapohamia nyuzi nyembamba, badala ya kukiegemeza kwenye pikapu (kinasa sauti kilicho chini ya nyuzi) siku zote. Mkono wa shingo: vidole visivyobonyeza viguse nyuzi za jirani bila kubonyeza. Piga wimbo unaoujua kwa mwendo wa konokono, na kila noti isikike peke yake. Ni zoezi la kuchosha. Ningelifanya mwaka wa kwanza, nisingelifanya mwaka wa tisa mbele ya maikrofoni za studio.

11. Vidole au pleki? Na lini nijifunze kupiga kwa gumba?

Vyote halali. Carol Kaye alitumia pleki, kile kijipande cha kupigia nyuzi. Jamerson alitumia kidole kimoja tu cha shahada. Kupiga kwa gumba kulitokana na shida: mpiga besi Larry Graham alikuwa akipiga na mama yake bila mpiga dramu, akawa anagonga na kudonyoa nyuzi ili kuziba pengo la dramu. Kumbuka hilo unapojifunza mtindo huo. Ulizaliwa ukiwa mdundo, na ukigeuzwa kuwa maonyesho bila mdundo hausaidii wimbo. Usubiri mpaka noti zako za kawaida zikae mahali pake.

## Mwendo na mdundo

12. Metronomu (kifaa kinacholia kwa mapigo sawa ili kushika mwendo) ni lazima? Inanichanganya.

Inakuchanganya kwa sababu inakuambia ukweli. Lakini wengi wetu tuliitumia vibaya miaka mingi: tuliiacha ipige kila pigo, nasi tukawa tunaifuata kama mtoto anayeshika upindo wa nguo ya mama. Ikizimwa, tulianguka.

Njia ninayotamani ningeijua mapema ni hii. Wimbo ukiwa na mapigo 80 kwa dakika, weka metronomu kwenye 40. Zile sauti chache zihesabu kama pigo la pili na la nne. La kwanza na la tatu unayabeba mwenyewe. Mara ya kwanza utageuka kichwa chini, na pengine wiki nzima. Siku itakapokaa, utasikia metronomu inageuka kuwa mpiga dramu, na mwili wako ndio unaoshika mwendo. Baadaye ipunguze iwe inalia mara moja tu kwa mapigo manne. Pale kimya kinapokuwa kirefu ndipo utajua kama unakimbia au unabaki nyuma, na wengi hugundua kwamba hukimbia wanapofurahi.

13. "Urefu wa noti" maana yake nini, na kwa nini kila mzoefu anaurudia?

Kwa sababu anayeanza husikia noti inapoanza tu. Noti ina mwanzo, ina mwili, na ina mwisho, na mwisho wake unauamua wewe. Chukua mwendo wa mapigo 60 kwa dakika na upige noti moja ileile kila pigo. Kwanza iache ivume sekunde nzima mpaka inayofuata. Kisha izime nusu ya njia. Kisha izime mara tu inapozaliwa. Noti ni ileile, mwendo ni uleule, lakini umepiga nyimbo tatu tofauti: ya kwanza inatiririka, ya pili inatembea, ya tatu inarukaruka.

Sasa sikiliza wimbo wowote unaokufanya utikise kichwa, ufuatilie besi inaponyamaza tu. Usihangaike na noti. Mara nyingi besi hukatika sawasawa pale dramu ndogo inapolia, na ile nafasi tupu ndiyo inayoipa dramu nguvu. Ukiiacha noti yako ivume juu ya pigo hilo, wimbo unakuwa mzito na hakuna anayejua kwa nini. Watasema tu haujakaa.

Nilipiga miaka saba kabla ya mtu kunieleza hili. Alikuwa mpiga dramu, naye hakutumia neno la kitaalamu hata moja. Alisema, "Niachie nafasi." Nilidhani ananiambia nipige noti chache, nikapunguza noti. Akatikisa kichwa: noti zilikuwa sawa, zilikuwa ndefu. Jioni ile nilirudia nyimbo zote nilizodhani nimezimaliza, nikakuta sijazianza.

Kwa hiyo unapojifunza wimbo, andika au kariri mambo mawili kwa kila noti: inaanza wapi na inaisha wapi. Mkono wa shingo ukilegea bila kuachia uzi, noti inakatika. Kidole kinachopiga kikirudi kuugusa uzi, inakatika pia. Jifunze njia zote mbili.

14. Ninapopiga na dramu, nisikilize nini?

Wengi huambiwa "fuata dramu ya mguu" na kuishia hapo. Ni mwanzo mzuri, si mwisho. Dramu ya mguu inakuonyesha pa kuweka noti kuu, sahani ya pembeni inakuonyesha jinsi kila pigo linavyogawanywa, na dramu ndogo inakuonyesha pa kunyamaza (swali la 13). Simama unapoweza kuona mguu wake na mkono wake. Na mzungumze. Mpiga besi na mpiga dramu wanaokaa nusu saa wakipiga wawili tu, bila gitaa wala mwimbaji, hupata kitu ambacho bendi nzima hupumzikia juu yake.

15. Nijirekodi hata kama napiga vibaya?

Hasa ukiwa unapiga vibaya. Simu inatosha. Usisikilize papo hapo, subiri kesho, maana ukimaliza kupiga masikio bado yanasikia ulichokusudia. Hifadhi rekodi kwa tarehe. Hakuna aliyewahi kuniambia anajuta kujirekodi mapema.

## Sikio na nadharia

16. Karatasi za namba za freti ni mbaya?

Si mbaya, ni pungufu. Zinakuonyesha kidole kiende wapi, lakini nyingi hazikuambii noti ichukue muda gani, na muda ndio kazi yako. Pia huzaa mpiga besi anayejua nyimbo hamsini na hawezi kupiga hata moja mwimbaji akiomba ianzie noti ya chini zaidi. Zitumie kuhakiki ulichosikia, baada ya kujaribu kwa sikio.

17. Nikariri majina ya noti zote kwenye shingo?

Ndiyo, na si kazi kubwa kama inavyoonekana. Besi ya nyuzi nne yenye freti 20 ina sehemu 84 za noti ukihesabu nyuzi wazi, lakini majina ni 12 tu, na freti ya 12 inaanza upya. Chukua noti moja kila siku uitafute kwenye nyuzi zote. Umbo moja litakusaidia daima: sogea nyuzi mbili kwenda nyembamba na freti mbili mbele, umepata oktava.

18. Nahitaji nadharia kiasi gani?

Kidogo kuliko unavyoogopa, mapema kuliko unavyodhani. Kama umewahi kuimba do, re, mi, tayari unayo nusu yake. Do ndiyo mzizi wa kodi. So iko uzi unaofuata kwenda nyembamba, freti mbili mbele, na ipo pia kwenye freti ileile ya do, uzi mnene ulio juu yake. Kwa do, so na do ya oktava unaweza kushikilia nyimbo nyingi mno bila kumuudhi mtu.

Kisha jifunze kutofautisha kodi ya furaha na ya huzuni, ambayo ni suala la mi kusogea freti moja. Kisha ujue kodi saba zinazotoka kwenye skeli moja. Hapo wimbo ukihamishwa ufunguo, unahamisha mkono tu. Kusoma noti kwenye mistari, kwa ufunguo wa F (alama ya mistari ya sauti za chini), ni hatua ya baadaye, ila kama unataka kazi za studio au maigizo ya jukwaani usiiache: ndiyo iliyowapita wazoefu wengi kazi zilipokuja.

19. Nitajifunzaje wimbo kwa sikio wakati siisikii besi vizuri?

Anza kwa kuimba. Sikiliza sehemu fupi, simamisha, imba sauti ya besi kwa mdomo, hata oktava juu. Usiloweza kuliimba bado hujalisikia, na vidole haviwezi kukusaidia. Ukishaliimba, tafuta noti moja tu: ile ambayo wimbo unapumzikia. Hiyo ndiyo do. Zilizobaki zipange kwa kuihusisha nayo.

Spika ndogo za simu haziwezi kutoa noti za chini kabisa, kwa hiyo tumia hedifoni. Punguza kasi ya rekodi ikibidi. Wimbo wa kwanza unaweza kukuchukua wiki, wa kumi saa moja. Kila wimbo uliopewa tayari na mtu mwingine ni zoezi hili umelikosa.

## Kupiga na watu

20. Nitajuaje niko tayari kujiunga na kikundi?

Ukiweza kupiga mzizi wa kodi nne kwa mwendo usioyumba kuanzia mwanzo wa wimbo hadi mwisho, uko tayari. Watu husamehe mpiga besi mwenye noti chache. Anayeyumba humchosha kila mtu. Tafuta waliokuzidi, na ukubali kuwa wa mwisho kwa ujuzi chumbani humo.

21. Nikikosea jukwaani nifanye nini?

Usisimame, na usikunje uso. Kaa kwenye mdundo hata kama noti imepotea: pigo sahihi lenye noti mbaya huponyoka masikioni, noti sahihi mahali pasipo pake inaangusha wimbo. Umepotea kabisa? Zima nyuzi kwa kiganja, gonga mdundo bila noti, msikilize mwimbaji, ingia kodi inapozunguka.

22. Je, ni kweli besi haiharibu masikio?

Si kweli, na hili ndilo jibu ninaloliandika kwa uchungu zaidi kwa sababu halina marekebisho. Husimami peke yako: sahani za dramu ziko mita moja kutoka sikio lako. Kipimo kinachotumika sana ni desibeli 85 kwa saa 8, na kila desibeli 3 zikiongezeka muda salama unakatwa nusu. Kwenye desibeli 100, ambazo mazoezi ya bendi huzifikia bila shida, umebakiwa na kama dakika 15.

Nunua vizibo vya masikio vya wanamuziki kabla ya kununua gitaa la pili. Mlio unaobaki masikioni baada ya mazoezi si dalili ya usiku mzuri. Mimi ninao mmoja upande wa kushoto, upande wa dramu, na ukimya wa alfajiri sijausikia tena.

## Hali za pekee

23. Nimepiga miaka mingi kwa tabia mbaya. Nianze upya?

Hapana. Chagua tabia moja, ile inayokuumiza au inayosikika zaidi kwenye rekodi zako (swali la 15), uishughulikie dakika kumi za mwanzo wa kila zoezi. Baada ya hapo piga kawaida. Ukijaribu kubadili yote kwa pamoja, hata vilivyokuwa vizuri vitavurugika.

24. Nina dakika 20 tu kwa siku. Nizigaweje?

Tano za metronomu na urefu wa noti, kumi za kusikiliza na kutafuta wimbo kwa sikio, tano za kupiga unachokipenda bila kujikosoa. Dakika 20 kila siku huzidi saa tatu za siku moja kwa wiki, maana mkono husahau upesi. Acha gitaa nje ya mfuko, mahali unapoliona. Wengi tulipoteza siku nyingi kwa sababu tu kulitoa kulikuwa kazi.

25. Naweza kuanza na besi isiyo na freti?

Unaweza, lakini utakuwa unajifunza mambo mawili kwa wakati mmoja: kupiga, na kutafuta sauti sahihi kwa sikio ambalo bado changa. Besi ya Fender ya mwaka 1951 iliitwa Precision hasa kwa sababu freti zake zilimpa mpigaji noti sahihi bila kubahatisha. Tumia msaada huo kwanza. Besi isiyo na freti ukiifikia baadaye, kaa na tyuna (kifaa cha kupima usahihi wa noti) na rekodi ya noti moja inayovuma nyuma yako, uisikie ikikubali au ikikukataa.

26. Ninatumia mkono wa kushoto. Nijilazimishe besi ya mkono wa kulia?

Shika besi kwa namna zote mbili na ugonge mdundo kwa mkono utakaopiga nyuzi. Upande ambao mdundo unakaa bila kufikiri ndio wako. McCartney hupiga kwa kushoto. Utapata magitaa machache ya kuchagua na itakuwa vigumu kuazima la mwenzako mazoezini. Kama bado hujaanza na pande zote mbili ni sawa kwako, chukua la kulia. Kama si sawa, chukua la kushoto, na uwe unakuja na gitaa lako kila mahali.